Sura ya Tano: Mizani Kabla ya Kadi

Anayeunda kompyuta ya gemu ya kukaa nyumbani huanza na kadi ya grafiki. Huangalia mfuko wake, huchagua kadi kali kuliko zote anazozimudu, kisha vitu vingine vyote hupangwa kuizunguka. Msafiri akifuata njia hiyo atajikuta na mashine nzuri isiyotoka chumbani. Yeye aanze na mizani. Emirates na Qatar Airways, mashirika yanayobeba watu wengi wa kwetu kwenda Ghuba na kwingineko, humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mzigo wa mkononi. Kilo hizo 7 ndizo kiwanja chako chote: humo iingie kompyuta, skrini, kibodi, mausi, nyaya na begi lenyewe.

Wapo watakaouliza kwa nini kompyuta isiende chini pamoja na masanduku. Sababu ni uzito unaoning'inia. Ndani ya kompyuta ya kawaida ya mezani, kadi ya grafiki yenye kilo moja na zaidi hushikwa na skrubu mbili upande mmoja na tundu jembamba la mazabodi upande wa pili. Kipozajoto cha mnara, ambacho nacho chaweza kukaribia kilo moja, kimefungwa juu ya bodi hiyohiyo. Sanduku likianguka kutoka kwenye mkokoteni wa mizigo, kasha husimama ghafla lakini vitu hivyo vizito vinataka kuendelea na mwendo, na kinachoumia ni bodi iliyovibeba. Tundu hung'oka, au bodi hupinda na kupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, halafu fundi anahangaika wiki nzima kutafuta ugonjwa. Mzigo ulio mkononi mwako hautupwi na mtu.

Swali la kompyuta mpakato nalo ni la haki. Mwanafunzi anayesafiri likizo kwa likizo, au mfanyakazi anayecheza saa moja usiku hotelini, anunue mpakato na asijisumbue na sura hii. Lakini ajue anachonunua. RTX 4090 ya mpakato na RTX 4090 ya mezani zina jina moja na chipu mbili tofauti: ya mezani ni kubwa zaidi na imeruhusiwa wati 450, ya mpakato haivuki 175. Tena katika mpakato kadi imeunganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo ikifa, au ikipitwa na wakati, mashine nzima imekwenda. Mtu anayeishi kati ya nyumba mbili, miezi kadhaa Muscat na miezi kadhaa Unguja, au mchezaji wa mashindano, au mhariri wa video anayefanya kazi mchana na kucheza usiku, huyo ana sababu ya kutaka mashine anayoweza kuifungua kwa bisibisi na kubadilisha kilichochakaa.

Hamu ya kupanda ndege na kompyuta ni ya zamani. Osborne 1, iliyosanifiwa na Lee Felsenstein na kuuzwa kuanzia 1981, ilikuwa na karibu kilo 11 na skrini ya inchi 5, na ilipimwa ili iingie chini ya kiti cha ndege. Kwa upande wa gemu, msukumo ulitoka kwa vijana wa Sweden walioanza kukusanyika na kompyuta zao mjini Malung, mkusanyiko uliokua ukachukua jina la DreamHack mwaka 1994, na wenzao wa Texas walioanzisha QuakeCon mwaka 1996. Walibeba minara ya chuma na skrini za kioo kizito, wakaunganisha nyaya, wakacheza usiku kucha. Watu waliobeba mizigo ile migongoni ndio waliokuwa na sababu ya kutafuta kasha dogo. Mwaka 2001 Taiwan ilitoa majibu mawili: kampuni ya Shuttle ilianza kuuza visanduku vidogo vya mfululizo wa XPC, na VIA ikatangaza bodi ya Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170. Kipimo hicho cha VIA hakijabadilika hadi leo, na kila kasha nitakalolitaja hapa limejengwa juu yake.

Kasha ninalotaka tulitazame kwa karibu ni DAN A4-SFX, la Mjerumani Daniel Hansen. Alilichora mwenyewe, akachangisha fedha za watu kupitia Kickstarter mwaka 2016, na Lian Li ya Taiwan ikalitengeneza. Ujazo wake ni lita 7.2, wakati minara mingi ya kawaida ina lita 40 na kupanda. Unene wake ni sentimita 11 na ushei, kimo 20, urefu karibu 32. Ndani yake huingia kadi ya grafiki ya ukubwa wa kawaida yenye urefu wa hadi milimita 295.

Hilo liliwezekana kwa sababu Hansen aliitoa kadi mahali pake. Katika mnara, kadi husimama wima juu ya mazabodi, na pande zake hubaki hewa tupu. Katika A4 bodi na kadi zimesimama zikipeana mgongo, katikati pana ukuta mwembamba wa alumini, na zinaunganishwa na waya bapa unaoitwa raiza, ambao unatoka kwenye tundu la bodi, unapinda chini ya ukuta na kujitokeza upande wa pili. Pawa saplai ndogo ya aina ya SFX, milimita 125 kwa 100 kwa 63.5, hukaa mbele. Hakuna nafasi iliyoachwa bure. Kwa msafiri mpango huu una faida nyingine: kadi haining'inii tena. Imelala ubavuni mwa ukuta, imefungwa kwenye fremu, na mtikisiko wa barabara haupati pa kuishikia.

Raiza ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo nitasema neno juu yake. Raiza za zamani zilitengenezwa kwa kasi ya PCIe kizazi cha 3. Ukiiweka kadi ya kizazi cha 4 juu yake, bodi na kadi hukubaliana kukimbia kwa kasi ambayo waya hauwezi kuibeba, na matokeo yake ni skrini nyeusi au mashine inayojizima katikati ya gemu. Watu wamerudisha kadi nzima dukani kwa sababu hiyo. Dawa ni kuingia kwenye BIOS na kuifunga nafasi ya kadi kwenye kizazi cha 3. Katika gemu nyingi hutaona tofauti yoyote. Ukinunua kasha leo, hakikisha raiza yake imeandikwa kizazi cha 4 au zaidi.

Sasa tuje kwenye wati, kwa sababu hapo ndipo mashine ya safari inapopatikana au kukosekana. Wati zote zinazoingia kwenye prosesa na kadi hutoka zikiwa joto. Hakuna hata moja inayobaki ndani. Kwa hiyo msafiri huilipia kila wati mara nne: kwa chuma cha kipozajoto cha kuiondoa, kwa pawa saplai ya kuileta, kwa kasha la kuvipa vyote viwili nafasi, na kwa kelele za feni katika chumba anacholala. Ukipunguza wati 100, hupunguzi namba kwenye karatasi tu. Begi linakuwa jepesi.

Na kinachoamua wati ngapi unazihitaji ni skrini. Skrini ya safari, ile bapa ya inchi 15.6, mara nyingi ina vidoti 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni 2. Skrini ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Mtu anayebeba skrini ya vidoti milioni 2 na kadi iliyoundwa kulisha milioni 8 amebeba chuma cha bure. Kwa skrini hiyo ndogo, RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023 na kula wati 115 inacheza karibu kila kitu kwa raha. RTX 4070 hutaka 200. Prosesa nayo iwe ya adabu: Ryzen 5 7600 imepangiwa wati 65, na kipozajoto cha Noctua chenye kimo cha milimita 37 kinaitosha. Jumla ya mashine kama hii, ikicheza kwa nguvu zote, hukaa karibu na wati 250 ukutani au chini yake. Pawa saplai ya wati 450 inabaki na akiba, na haina haja ya kupandisha feni yake.

Kisha punguza tena, bila kununua chochote. Kadi hutoka kiwandani ikiwa imepewa volti za ziada, kwa sababu mtengenezaji hana budi kuhakikisha hata chipu iliyo dhaifu kuliko zote kwenye kundi itafanya kazi. Chipu yako huenda haihitaji zote. Fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl na F, na utaona mstari uliopinda: chini zimepangwa volti, ubavuni kasi. Tafuta kasi ambayo kadi huifikia kwenye volti 1.05. Kisha shika kidoti cha volti 0.925, kipandishe hadi kasi hiyo au chini yake kidogo, na ulaze vidoti vyote vinavyofuata viwe tambarare. Hifadhi, ucheze gemu nzito kwa saa nzima. Ikikwama, shusha kasi hatua moja, ujaribu tena. Nguvu inayoliwa hufuata mraba wa volti: 0.925 mara yenyewe ni 0.856, na 1.05 mara yenyewe ni 1.103. Gawanya, utapata kwamba kwa kasi ileile chipu inakula karibu asilimia 22 pungufu. Jioni moja ya kazi hiyo huleta utulivu ambao hakuna feni ya bei ghali itakayoweza kuununua.

Jaribio hilo lifanyie penye joto. Nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Mashine iliyopimwa Nairobi mwezi wa saba kwenye nyuzi 20 ikaonyesha 80, ukiipeleka Dar es Salaam mwezi wa pili kwenye nyuzi 32 bila kiyoyozi itaonyesha zaidi ya 90, na Ryzen 5 7600 huanza kujizuia yenyewe ikifika 95. Nairobi ina hila yake pia: hewa ya mita 1,700 juu ya bahari ni nyepesi, hubeba joto kidogo kuliko ya pwani, ila baridi ya mji hufidia. Atakayesafiri kwenye joto na aache akiba ya nyuzi 15 hivi kabla hajaridhika.

Turudi kwenye kilo. Kasha la alumini lina kama 1.3. Mazabodi ya Mini-ITX pamoja na ramu na SSD, 0.6. Prosesa na kipozajoto chake, nusu kilo. Pawa saplai na nyaya zake, 1.2. Kadi fupi ya feni mbili, 0.8. Hapo tuna 4.4. Skrini na kifuniko chake ni 0.8, kibodi ndogo isiyo na namba za pembeni 0.5, mausi na nyaya zote 0.4. Zimefika 6.1, na begi lina gramu 900 zilizobaki. Ndiyo maana siwashauri wasafiri wa ndege kununua yale masanduku magumu ya plastiki nene. Pelican 1510, maarufu kwa wapiga picha, likiwa tupu lina zaidi ya kilo 5. Begi la mgongoni lenye sponji nene pande zote linafanya kazi hiyo, mradi usiliachie. Anayesafiri kwa treni ya Mombasa na Nairobi au kwa gari lake mwenyewe ana uhuru zaidi, na kwake sanduku gumu lina maana.

Vipande vya Mini-ITX si rahisi kuvikuta madukani kwetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi utapata kadi, ramu na SSD bila shida, lakini bodi ndogo na pawa saplai ya SFX mara nyingi huagizwa. Wengi huzichukua Dubai, kwenye maduka ya barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, ambako muuzaji hukufungulia boksi ukague mbele yake. Kagua pini za tundu la prosesa kwa tochi ya simu kabla ya kulipa. Kwenye bodi za AM5, zinazobeba prosesa kama Ryzen 5 7600, pini ziko kwenye bodi yenyewe, ni nyembamba mno, na moja iliyolala inatosha kuifanya ramu isisomeke.

Umeme ni jambo linaloonekana gumu na kumbe ni jepesi. Tanzania hutumia volti 230, Kenya 240, Marekani 120, Japani 100. Pawa saplai nzuri ya leo imeandikwa ubavuni 100–240 na hujirekebisha yenyewe. Zile za zamani zenye swichi nyekundu ya kuchagua volti usizisafirishe: ukiisahau kwenye 115 ukachomeka Dar, imeungua. Uwezo huo wa kufanya kazi kuanzia volti 100 una manufaa hata hapa nyumbani. Jioni umeme unaposhuka hadi 170 na taa zikawa za manjano, mashine huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachoiua ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kwa hilo chomeka kwenye kilinda umeme, au chomoa kabisa mpaka utulie.

Usinunue adapta za plagi. Waya wa pawa wa kompyuta hutoka, kwa hiyo nunua waya wa nchi unayokwenda, bei yake ni ndogo. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba hufanya kazi Uganda, Oman, Emirates na Uingereza, lakini Rwanda, Burundi na Kongo utakutana na matundu ya duara. Adapta nyingi za bei rahisi huikata njia ya ethi, na kasha la alumini lisilo na ethi hukutekenya ukiligusa kwa mkono mtupu. Mtekenyo huo unatoka kwenye vichujio vya ndani ya pawa saplai. Peke yake ni mdogo, ila bila ethi hitilafu yoyote kubwa ndani ya kasha haina njia nyingine isipokuwa wewe.

Kwa watu wa pwani, chumvi ni adui kuliko vumbi. Mashine iliyokaa miezi dirishani mwa nyumba inayotazama bahari, Tanga au Mombasa, huota kutu kwenye vichwa vya skrubu kwanza, kisha kwenye bandari za nyuma. Alumini iliyopakwa rangi huvumilia. Skrubu zibadilishe ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mashine isiyotumika ifungiwe kwenye begi pamoja na vipakiti vya silika. Wa bara wapambane na vumbi, na hapa udogo ni udhaifu: mapezi ya kipozajoto kidogo yamebanana, vumbi huyaziba upesi. Wavu mwembamba wa sumaku kwenye matundu ya kuingizia hewa husaidia, na kipuliza cha mkono kila baada ya safari ndefu.

Skrini ya safari mara nyingi hutangazwa kwa waya mmoja wa USB-C. Waya huo mmoja unafaa kwenye mpakato. Kadi za RTX 40 za mezani hazina tundu hilo, kwa hiyo utahitaji waya wa HDMI kwa picha na wa USB kwa umeme. Hakikisha skrini ina tundu la HDMI, hata dogo, kabla hujanunua. Runinga ya hotelini inaweza kutumika, ila ingia kwenye mipangilio yake uweke hali ya gemu, la sivyo utabonyeza na risasi itatoka baadaye.

Kwenye uwanja wa ndege, itoe kompyuta begini kabla hujaambiwa. Eksirei haidhuru SSD wala ramu. Kasha lililojaa nyaya na chuma bila skrini huwashangaza maofisa, na mazungumzo huwa mafupi ukijibu kwa utulivu.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Kompyuta, dada."

"Mbona haina kioo?"

"Kioo chake hiki hapa, pembeni."

"Haya. Funga, upite."

Bisibisi iende kwenye sanduku la chini, maana viwanja vingine huichukua. Risiti na namba za mashine ziwe kwenye simu, kwa ajili ya forodha unaporudi nyumbani na kitu ulichoondoka nacho.

Ukitoka kwenye ubaridi wa ndege na kuingia unyevu wa pwani, usiiwashe. Chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu hutoa jasho, ndani ya mapezi na chini ya kadi ambako huoni. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto la chumba polepole, saa moja au mbili, ndipo uifungue. Kabla ya kuwasha, bonyeza raiza pande zote mbili kwa kidole uhakikishe imekaa.

Gemu zipakuliwe kabla ya safari. Gemu kubwa za siku hizi huvuka gigabaiti 100 kwa urahisi, na intaneti ya hotelini haitakushushia hiyo kwa usiku mmoja. Fungua kila gemu mara moja ukiwa nyumbani, isubiri imalize masasisho yake, kisha iweke Steam kwenye hali ya nje ya mtandao na ujaribu kuifungua tena papo hapo. Kwenye SSD usibane fedha: ya M.2 yenye terabaiti 2 ina uzito uleule wa gramu chache kama ya terabaiti moja.